Tangazo Husomwa Mara Mbili

Kuna watu ambao sauti zao zinajulikana kuliko sura zao, na mama huyu alikuwa mmoja wao. Ungeingia stendi kuu ya mabasi saa yoyote kati ya kumi na mbili asubuhi na nane mchana, ungemsikia juu ya kichwa chako: basi la saa tatu limechelewa, abiria wa saa nne wasogee lango la pili, aliyesahau mkoba mweusi chooni afike ofisi ya matangazo. Sauti haikupanda wala kushuka. Makondakta walimbandika jina la Mama Tangazo, na nusu yao hawakuwahi kumwona. Ofisi yake ilikuwa kijichumba juu ya duka la soda, chenye meza moja, kipaza sauti, feni iliyogoma kuzunguka, na dirisha la kutazamia mapaa ya mabasi.

Kazi alifundishwa na mwanamke mmoja mkali ambaye sasa amestaafu. Huyo alimpa masharti machache na hakutaka maswali. Vuta pumzi kabla hujabonyeza kitufe. Soma kilicholetwa, usiongeze lako. Soma mara mbili, maana mara ya kwanza watu husikia kelele tu, ya pili ndiyo husikia maneno. Na sauti usiibadilishe hata ukiona paa linaungua, kwa sababu ukibabaika wewe, huko chini watakanyagana. Ikiwa ni mtoto aliyepotea, taja umri, nguo, na mahali pa kumfuata. Jina lake usilitaje, mtu mbaya asije akalitumia.

Mama Tangazo aliyashika masharti hayo kwa miaka kumi na minne. Aliyashika mno. Mwaka mmoja makondakta walimpenyezea kikaratasi kilichosema mchumba wa dereva wa basi la bluu afike haraka kwani chakula kinapoa na mama mkwe amenuna. Alivuta pumzi, akasoma. Kisha akasoma tena. Stendi nzima ilikufa kwa kicheko, na yeye hakujua alichotangaza mpaka aliposhuka kununua maji na kukuta watu wanamwonyesha vidole. Kilichofika mbele yake kilipita machoni au masikioni kikatokea mdomoni, hakikupitia kwingine.

Basi, miaka miwili kabla ya haya ninayosimulia, alijifungua mtoto wa kiume kabla ya wakati wake. Mtoto aliishi siku kumi na moja ndani ya kile chumba cha joto cha hospitali, na hakutoka humo akiwa hai. Wakamzika. Likizo ya uzazi ilikuwa bado ndefu, lakini wiki ya tatu mama alikuwa amesharudi kijichumbani, akavuta pumzi, akabonyeza kitufe, akatangaza basi la saa moja. Wenzake wakasema huyu ana moyo wa chuma. Walimsifu kwelikweli, na mimi nasema afadhali wangemtukana. Hakuwa na moyo wa chuma. Alikuwa amekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, ambao ukiugusa unahisi unagusa mguu wa mtu mwingine.

Nyumbani mambo yalikwenda kimyakimya. Mama yake mzazi alikuja akafunga nguo za mtoto kwenye shuka, akaondoka nazo. Jina la mtoto halikutajwa tena. Mume wake, dereva wa lori la masafa marefu, alikuwa mtu wa siku mbili nyumbani na kumi barabarani, na siku hizo mbili alizitumia kutengeneza vitu ambavyo havikuharibika. Alibadilisha kitasa cha mlango mara tatu.

Na kulikuwa na binti yao. Baba yake alimpa jina la Chiriku akiwa na miaka miwili, kwa sababu alikuwa akiongea kutoka anapofumbua macho mpaka anapoyafumba, na akikosa mtu wa kuongea naye aliongea na sufuria. Alikuwa na miaka sita mdogo wake alipozaliwa. Alikuwa ameshatangaza mtaa mzima kuwa yeye sasa ni dada. Baada ya hapo maneno yakaanza kumpungua, na badala yake yakaja meno. Alianza kung'ata penseli. Akahamia kola ya sare ya shule, akaitafuna mpaka ikawa nyuzi. Kisha akamng'ata mwenzake wa dawati, halafu mtoto wa jirani, halafu mwalimu wa darasa aliyekuwa anaamua ugomvi. Akiwa na miaka minane, mwalimu mkuu alikata kauli: mtoto huyu apelekwe kwa wataalamu.

Ndivyo walivyofika kwenye kliniki ya watoto na familia, nyuma ya hospitali, jengo la ghorofa moja lenye michoro ya twiga ukutani ambayo mchoraji aliimaliza kwa haraka. Mapokezi walimpa mama fomu ya kurasa sita. Alijaza yote kwa mwandiko mzuri. Palipoulizwa kama familia imepatwa na tukio lolote kubwa katika miaka ya karibuni, aliandika: Hakuna. Hakuwa anadanganya. Mkono uliandika hivyo na yeye akautazama ukiandika.

Mpango wenyewe ulikuwa wa wiki kumi na mbili, na baba Chiriku alipousikia alikubali kwa sharti moja. Dada yake alikuwa na nyumba yenye uwanja mkubwa katika mji mwingine, watoto wake wameshakua na kuondoka, na alikuwa ameomba zaidi ya mara moja apewe Chiriku amlee.

"Wiki kumi na mbili, mama Chiriku," alisema mume. "Akiacha kung'ata, tunashukuru. Asipoacha, aende kwa shangazi yake. Mimi sipo, wewe uko kazini, huyu mtoto anaharibikia mikononi mwetu."

"Sawa," alisema mama Chiriku.

Shangazi mwenyewe hakuwa mtu mbaya, hilo niliseme mapema msije mkamchukia bure. Alikuwa na mikono mipana na kicheko kirefu, na mtoto angekula na kulala vizuri kwake. Tatizo halikuwa shangazi. Tatizo lilikuwa kwamba mama, alipojiuliza kama angeumia Chiriku akiondoka, hakupata jibu. Alitafuta kifuani mwake kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba, akakuta hamna kitu. Hilo ndilo lililomtisha, ikiwa tutauita ule utulivu wake kutishika.

Tiba ilifanyika chumba nambari nne. Zulia la bluu, kapu la vitofali vya plastiki, meza fupi, na kioo kikubwa ukutani. Nyuma ya kioo alikaa mshauri, mwanamke aliyependa kuvaa miwani juu ya kichwa na kisha kuitafuta. Yeye aliwaona, wao hawakumwona. Mama alivikwa kidude kidogo sikioni, na mshauri alizungumza naye kupitia hicho huku mtoto akicheza.

"Ni dakika tano tu kwa siku, mama, hapa na nyumbani," mshauri alimweleza siku ya kwanza. "Ndani ya dakika hizo hakuna kuamrisha, hakuna kuuliza maswali, hakuna kukemea. Mtoto ndiye kiongozi. Wewe unasema kile anachofanya, unarudia anachosema, unamsifu kwa kitu mahususi. Kama mtu anayetangaza mpira, umenielewa?"

"Mimi ni mtangazaji," alisema mama.

"Eeh! Basi wewe utatufundisha sisi."

Na kwa kweli, kwa namba, hakukuwa na mzazi kama yeye. Wazazi wengine hujiumauma, huuliza maswali, husahau, hucheka kwa aibu. Yeye hapana. Mshauri aliponong'ona sikioni, "Mwambie anapanga vizuri," mama alivuta pumzi na kutamka: unapanga vitofali vizuri. Mshauri akinong'ona, "Eleza anachofanya," mama alieleza kuwa mtoto anaweka kitofali chekundu juu ya kitofali cha kijani. Siku ya kwanza Chiriku alipoisikia sauti ile, aliinua kichwa akatazama dari, pembe moja hadi nyingine. Alikuwa anatafuta spika.

Kila wiki mshauri alihesabu sifa na maelezo kwenye karatasi, na kila wiki mama alifaulu. Nyumbani nako hakukosa hata siku moja. Saa kumi na moja jioni, saa ya ukutani ikigonga, alikaa kwenye mkeka na kutangaza dakika tano, kisha akainuka kwenda jikoni. Wiki ya nne Chiriku aling'ata mtoto mwingine pale mapokezi. Wiki ya saba aling'ata mkono wake mwenyewe, akaacha alama ya duara juu ya kiganja, na akaificha kwa mkono wa sweta. Mama aliiona wakati wa kumwogesha. Akaiosha vizuri kwa sabuni.

Wiki ya tisa, mshauri alikuwa na mgeni nyuma ya kioo, msichana wa chuo aliyekuja kujifunza kazi. Chumbani, Chiriku alikuwa anajenga kitu kirefu bila kusema neno. Mama alikuwa amekaa wima, kidude sikioni, mikono juu ya mapaja. Mshauri alimaliza kumpa maneno, akamgeukia msichana wa chuo kumweleza, na hakukumbuka kuzima kipaza sauti chake.

Mama akayapokea maneno. Akavuta pumzi.

"Namba zote ni safi," alisema kwa sauti ya stendi. "Ila mama mwenyewe hayupo. Mtoto anacheza na redio."

Nyuma ya kioo mshauri alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Lakini mama hakuwa amemaliza, kwa kuwa miaka kumi na minne haimtoki mtu kwa mara moja. Akavuta pumzi tena.

"Namba zote ni safi. Ila mama mwenyewe hayupo. Mtoto anacheza na redio."

Chiriku alishusha kitofali. Alimtazama mama yake usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki nyingi.

"Najua," alisema.

Kisha akaendelea kujenga.

Mshauri aliingia mbio, miwani ikining'inia sikio moja. Alimtoa mtoto akaangalie vitabu na yule msichana wa chuo, akafunga mlango, akapiga magoti kwenye zulia. "Mama, nisamehe. Nisamehe sana. Sikutakiwa kusema vile, na wala hukutakiwa kusikia."

"Si kitu, dada," alisema mama.

"Ni kitu. Kimekuumiza."

Mama alifikiri, maana aliambiwa kwa heshima na alitaka kujibu kwa heshima. Alilirudia neno moja moja moyoni: mama, mwenyewe, hayupo. Alijaribu kuumia. "Hapana," alisema. "Hakijaniuma. Mtoto amesema anajua, na hilo pia halijaniuma. Nadhani lilitakiwa liniume."

Mshauri aliketi chini kabisa. Kisha akaliuliza swali ambalo fomu ilishaliuliza. "Kabla hajaanza kung'ata, nyumbani kulitokea nini?"

"Mtoto wa kiume," alisema mama. "Umri, siku kumi na moja."

Alilisema vilevile, kama mkoba uliosahaulika chooni. Mshauri alifungua lile faili, akafunua ukurasa wa pili, akalitazama lile neno Hakuna lenye mwandiko mzuri, na akalifunga tena polepole.

"Chiriku aliwahi kumwona?"

"Hawaruhusu watoto kuingia mle."

"Nani alimwambia kuwa amefariki?"

Mama aliwapanga watu wote kichwani, mmoja mmoja: mume wake, mama yake, jirani, wifi yake, yeye mwenyewe. Kila mmoja alidhani ni mwingine. "Tulimwambia mtoto haji nyumbani," alisema mwishowe. "Sidhani kama kuna mtu alisema zaidi."

"Wiki hii usijaze karatasi," alisema mshauri. "Usihesabu sifa. Zile dakika tano zishike, lakini kidude hiki utakiacha hapa, na mimi sitakuwepo sikioni. Mfuate tu mtoto pale mchezo unapokwenda. Hata kama hupapendi."

Lakini wiki haikusubiri. Jumatano baba Chiriku alirudi safari, akaegesha lori nje, na Chiriku akapanda kwenye kiti cha mbele akakataa kushuka. Baba alimbembeleza, akamtania, akamwahidi hiki na kile. Alipomshika kiunoni kumteremsha, mtoto alimng'ata kwenye kidole gumba, na hakuachia mpaka damu ilipotoka. Majirani walikuwa wanatazama. Baba aliingia ndani akaufungua mfereji wa maji, akaacha maji yapite juu ya kidole.

"Basi," alisema. "Basi, mama Chiriku. Dada anakuja Jumamosi saa nne kumchukua. Nimeshampigia."

"Sawa."

"Wiki tatu bado zipo, najua. Lakini nimefika mwisho."

"Sawa."

Mume alifunga mfereji. Alimgeukia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba kukatazwa. "Hata hubishi?" aliuliza. "Nachukua mwanao nampeleka mji mwingine, na wewe hata hubishi?"

"Umeshaamua."

Akatoka nje. Alikaa kwenye ngazi ya lori, kidole kimefungwa kitambaa, akalia kwa sauti mbele ya majirani bila kujali. Mama alimtazama kupitia dirisha. Alimwonea wivu. Hilo lilikuwa jambo la kwanza alilolihisi kwa miaka miwili, na halikuwa zuri, lakini lilikuwa jambo. Alfajiri ya Ijumaa lori liliondoka.

Ijumaa mchana alipanga begi. Magauni saba, sare ya shule iliyoshonwa kola mpya, sweta, viatu, mswaki. Alikunja kila nguo kwa pembe kali, akajaza begi vizuri kiasi kwamba zipu ilifunga bila kulazimishwa. Alipomaliza, aliusikia moyo wake ukijipangia maneno: abiria wa saa nne, mtoto mmoja, begi moja, asogee mlangoni. Akajua kwamba kesho itakuwa hivyo hivyo. Gari litaondoka kama mabasi mengine, na yeye ataangalia paa lake likipinda kona, kisha atauliza linalofuata ni lipi.

Jumamosi hakuwa kazini. Saa tatu na nusu alimkuta Chiriku sebuleni, begi limefunguliwa na kumwagwa. Magauni yalikuwa yametandazwa sakafuni kama mabasi kwenye maegesho. Begi lenyewe lilikuwa limepinduliwa kuwa meza, na juu ya meza kulikuwa na kijiko cha mbao kimesimamishwa ndani ya kikombe, uso ukielekea kwenye kiti.

Mama alifungua mdomo kusema panga nguo haraka, shangazi yako yuko njiani. Halafu akakumbuka kwamba dakika tano za leo hazijachezwa, na yeye hakuwa mtu wa kuruka zamu. Akakaa.

"Umetengeneza ofisi ya matangazo," alisema.

"Eeh. Kaa kwenye kiti, siyo chini. Wewe ndiye mama wa matangazo."

"Mimi ndiye mama wa matangazo." Akahamia kwenye kiti.

"Kuna mtoto amepotea," alisema Chiriku. "Mtangaze."

Hili alilijua hata usingizini. Alisogeza kijiko, akavuta pumzi, akabonyeza kitufe kisichokuwepo. "Tangazo, tangazo. Amepotea mtoto wa kike, umri miaka minane, amevaa gauni la maua na ..."

"Siyo mimi!" Chiriku alikanyaga sakafu. "Mimi nipo hapa. Yule mdogo."

Mama alibaki kitini ameshika kijiko. Nje gari lilipita, likaenda. Kama angekuwa na kidude sikioni, angesubiri maneno. Sikio lilikuwa tupu.

"Yule mdogo," alirudia.

"Eeh. Aliyekwenda hospitali hakurudi. Kila siku unatangaza watoto wa watu, yeye hujamtangaza hata siku moja."

Mama akavuta pumzi. Ilikwenda chini kuliko kawaida, ikakwama mahali.

"Tangazo, tangazo," alisema. "Amepotea mtoto wa kiume. Umri, siku kumi na moja. Amevaa kofia nyeupe ..."

"Ya njano," alisema Chiriku. "Yenye masikio. Nilimchagulia mimi na baba dukani."

"Kofia ya njano," alisema mama. "Yenye masikio. Aliichagua dada yake." Na hapo aliiona. Aliiona ile kofia ilivyokuwa kubwa kuliko kichwa, sikio moja likimlalia usoni, na muuguzi akilisogeza kwa kidole kimoja ili mtoto apumue. Ilikuwa ya njano. Alikuwa amesahau rangi. "Amefunikwa blanketi la hospitali. Ana nywele nyingi. Mkono wake wa kulia ... ameushika mkono wangu, kidole hiki, ameshika kwa nguvu. Yeyote atakayemwona ..."

Baada ya maneno hayo huja mahali pa kumpeleka. Yeyote atakayemwona amlete ofisi ya matangazo, mzazi wake anamsubiri. Amesema hivyo mara mia tatu, mara mia nne. Sasa alijaribu, na sauti haikutoka. Akajaribu tena. Kikatoka kitu ambacho hakikuwa neno, kikubwa, kibaya, kama meza inayoburutwa, na yeye mwenyewe aligeuka kutafuta kilikotoka.

"Hawezi kuletwa," alisema. "Chiriku, mwanangu, hawezi kuletwa. Alikufa. Tulimzika. Mimi ndiye niliyetakiwa kukwambia na sikukwambia."

Chiriku hakulia. Alizunguka meza. Mama alitangulia kuinua mkono kujikinga, kwa mazoea, akisubiri meno. Mtoto aliuchukua ule mkono, akakitafuta kile kidole, akakishika kwa nguvu.

"Hiki?" aliuliza.

"Hicho," alisema mama, na machozi ya miaka miwili yakaanguka kwenye begi, kwenye kikombe, kwenye magauni saba yaliyokuwa yamekunjwa kwa pembe kali. Iliuma. Iliuma pote, kama mguu damu inaporudi, na alitamani kusimama na hakuweza.

Ndivyo shangazi alivyowakuta. Alibisha, hakujibiwa, akasukuma mlango. Nje teksi ilikuwa inaunguruma. Aliona nguo zimetapakaa, wifi yake amekaa mbele ya kijiko analia kwa sauti ya mtu asiyemjua, na mtoto amemshika kidole.

"Jamani, wifi! Kuna nini? Kakung'ata?"

"Hapana."

"Sasa mbona ... Begi hamjafunga? Basi kaa wewe, nitapanga mimi." Shangazi akainama kuokota gauni.

"Acha, wifi," alisema mama, na ile sauti ikapanda, ikakatika, ikapanda tena. "Liache hapo hapo. Haendi. Nitaongea na kaka yako, nitabishana naye mpaka achoke, lakini haendi popote. Kaa tafadhali. Nipo katikati ya tangazo, na linasomwa mara mbili."

Shangazi alimtazama. Alimtazama na Chiriku, ambaye alikuwa amesogea akajibanza kati ya magoti ya mama yake, mbele ya kipaza sauti, bila kukiachia kidole. Kisha akatoka hadi barazani na kumwambia dereva aende zake.